Mwaka Ambao Verna Sabol Hakumpiga Mtu

Verna Sabol alikuwa na mkono mwepesi tangu utotoni, na katika mji wetu wa kando ya mto Ohio hakuna aliyeona ajabu. Mtu wa kwanza kuonja mkono huo alikuwa baba yake mzazi. Mzee Hudak alirudi kutoka baa, akakuta tambi na kabichi vimeungua, akavua mkanda na kuanza kumchapa mkewe hapo hapo jikoni. Verna, binti wa shule bado, akachukua chuma cha kuchokolea moto akamtandika nacho mgongoni, akarudia, akarudia tena, mpaka mzee mzima akatambaa chini ya meza. Kesho yake Mzee Hudak alikwenda kazini amepinda, na wenzake walipomuuliza akasema ameteleza kwenye barafu. Ilikuwa mwezi wa saba, jua linapasua lami.

Tangu siku hiyo mji mzima ukawa na msemo wake. Ukitoka baa na jicho limevimba, umeteleza kwenye barafu. Mkeo akikupiga sufuria, barafu. Askari walikuwa wakisikia neno hilo wanafunga daftari na kwenda zao, kwa sababu kwetu mtu haendi kumshtaki jirani yake kwa ngumi. Ngumi inajibiwa kwa ngumi, au inasahauliwa.

Verna alipokua akaingia kiwanda cha chuma kama baba yake, wakampa kuendesha winchi, ile inayobeba ndoo ya chuma kilichoyeyuka juu ya vichwa vya watu. Mwanamke pekee kwenye kazi hiyo. Wiki za mwanzo jamaa mmoja alimshika matako akipanda ngazi. Verna akashuka taratibu, akaweka glavu zake chini, akampiga kwa sanduku la chakula la bati mpaka taya likatoka mahali pake. Yule naye aliteleza kwenye barafu. Baada ya hapo walimheshimu, na niseme ukweli, walimpenda pia, maana mkono ule ule uliovunja taya ndio uliopitisha moto juu yao miaka nenda rudi bila kumwagia mtu tone.

Mtu mmoja tu hakuwahi kuguswa na mkono huo, naye ni mumewe. Emil Sabol alikuwa kinyozi. Mwembamba, mpole, akikamata panya dukani anamtoa nje kwa ndoo na kumwambia aende salama. Walijuana siku cheche ziliporukia nywele za Verna zikaungua upande mmoja. Aliingia kwa Emil na hasira zake zote, akaketi. Emil hakuuliza kitu. Alimkata akasawazisha, akampaka mafuta palipobabuka, akakataa malipo. Verna alirudi wiki iliyofuata ingawa hakuwa na nywele za kukata. Watu walimtania sana Emil baada ya harusi. Wakimpitia dukani wanauliza, “Vipi, leo umeshapigwa?” Naye anajibu huku ananoa wembe, “Bado, foleni ndefu.”

Kisha Emil akapata saratani ya damu. Kulikuwa na vidonge, Mungu ashukuriwe, vidonge vya kila siku vilivyoifunga ile saratani kamba ikatulia. Ila chupa moja ilikuwa ghali kuliko gari lao, na kinyozi wa mjini kwetu hana bima ya afya. Bima ilikuwa ya Verna, ya kiwandani. Daktari aliwaambia bila kuzunguka: ukimeza unaishi, ukiacha unakufa kabla mwaka haujageuka. Kwa hiyo kazi ya Verna ndiyo iliyokuwa pumzi ya Emil.

Halafu kampuni ikawafungia nje. Sikilizeni vizuri hapo, maana watu wa mbali huchanganya mambo: hawakugoma. Kampuni ilitaka kula pensheni zao, chama cha wafanyakazi kikakataa, na asubuhi moja watu wakakuta geti lina minyororo. Ndani wameletwa wageni wanaofanya kazi zao, wanaingizwa kwa magari meupe yenye vioo vyeusi, na walinzi wa kukodi wamejipanga kwenye mstari wa njano uliopakwa barabarani. Upande wa pili wa mstari wafanyakazi wakawa wanasimama kwa zamu kupinga, wakiota moto uliowashwa ndani ya pipa.

Kwa kuwa walifungiwa na hawakugoma, serikali ya jimbo iliamuru walipwe posho ya wasio na kazi, na bima yao ya afya iendelee, nusu inatoa serikali, nusu kampuni. Lakini kwa muda tu. Muda ukikaribia kwisha wanasiasa wanakaa tena kubishana kama uongezwe, na watu wanakaa roho mkononi. Na kulikuwa na sharti moja. Mfanyakazi yeyote atakayefukuzwa kwa kupiga mtu getini, posho imekufa siku hiyo hiyo, na bima imekufa pia, yake na ya wote wanaomtegemea.

Sasa kampuni ikilijua sharti hilo unafikiri itafanya nini? Wale walinzi hawakukodiwa kulinda. Walikodiwa kupigwa. Kila mmoja alikuwa na kamera kifuani na mdomo mchafu, na kazi yao ilikuwa kumtafuta mwenye hasira mpaka arushe ngumi. Kila ngumi ilikuwa mtu mmoja amepungua kwenye bima. Dutch Marek alimpiga mlinzi kwa koleo mwezi wa kwanza tu, na mkewe akajifungua mapacha bila bima. Nyumba yao sasa anakaa mtu mwingine. Na ndani ya watu wote wale, aliyeigharimu kampuni zaidi kwa dawa alikuwa Verna Sabol.

Chama kikakaa kikao kuhusu hilo jambo. Wakakubaliana kila mwenye mkono mwepesi apewe mshikaji, mtu wa kusimama nyuma yake na kumshika mkanda wakati wote wa zamu. Msicheke, ndivyo ilivyokuwa. Wanaume wenye ndevu wamesimama kwenye theluji wanashikwa mikanda kama mbuzi sokoni. Verna alipewa mdogo wake, Rudy Hudak, jitu la kilo mia na ushei ambalo lilimwogopa dada yake kuliko kitu chochote duniani.

“Dada, mimi nashika tu, usinielewe vibaya,” Rudy alimwambia siku ya kwanza.

“Shika vizuri basi,” Verna akasema. “Ukinibana kinena nitakuvunja vidole.”

Mlinzi aliyepangiwa Verna aliitwa Corbin. Kijana wa mbali, shingo nene, meno mazuri. Alikuwa ameshaambiwa kila kitu kuhusu nyumba ya Sabol, maana alianza nayo moja kwa moja. Kila asubuhi alimsogelea Verna mpaka pua zinakaribia kugusana, mstari wa njano katikati yao, akamuuliza kama mumewe ameamka. Kama bado anapumua. Kama wameshapima jeneza. Wengine kwenye pipa la moto walikuwa wanaangalia chini kwa aibu. Verna alikuwa anamtazama yule kijana katikati ya macho na taya linamcheza, na Rudy nyuma anasikia mkanda unavyotetemeka mkononi mwake kama waya wa winchi uliobeba mzigo.

Damu ilimchemka Verna kila siku ya Mungu. Akirudi nyumbani anaingia gereji kwanza, anafunga mlango, anapiga gunia la mchanga alilolitundika, anapiga mpaka ngozi ya vidole inachubuka, ndipo anaingia jikoni na kumuuliza Emil amekula nini. Emil akiuliza vidole vimekuwaje anaambiwa ni kuni za getini. Hakumwambia neno moja la Corbin. Mwanaume ana saratani, umuongezee na hiyo?

Katikati ya baridi gari moja jeupe liliongeza mwendo likiingia getini, dereva akalipindisha makusudi, kioo cha pembeni kikampiga Verna mkono wa kushoto ukavunjika juu kidogo ya kiganja. Mlio wake ulisikika mpaka kwenye pipa. Kelele zikalipuka, watu wakaanza kuokota mawe, walinzi wakainua kamera zao kwa furaha kabisa. Verna ndiye aliyewazuia. Alisimama mkono unaning’inia, uso mweupe, akawapigia kelele waweke mawe chini, nimeteleza kwenye barafu, hamjaona nimeteleza? Daktari wa mjini, mzee anayetujua tangu tumezaliwa, alimfunga plasta akasema barafu mwaka huu ni nyingi. Mwaka huo angalau ilikuwepo kweli.

Hayo yote Verna aliyameza kwa sababu moja. Kila jioni Emil alifungua chupa, akatoa vidonge vyake, akavimeza kwa maziwa, na Verna akamwangalia.

Mwisho wa majira ya baridi muda wa bima ulikuwa unakaribia kwisha na wanasiasa hawajakubaliana. Watu getini waliacha hata kutaniana. Wakawa wanazunguka lile pipa na redio ndogo, hawaongei. Siku ya mwisho, mchana, mtangazaji akasema imepita: posho na bima vimeongezwa mpaka kiangazi. Jamani, watu wazima walilia. Walikumbatiana na makoti yao mazito. Rudy aliachia mkanda akamnyanyua dada yake juu, plasta na yote.

Corbin alikuwa anatazama. Kwake ile habari ilikuwa miezi mingine ya dawa za Emil ambayo mabosi wake watamuuliza. Walinzi walikuwa wanakojolea kwenye chupa ndani ya kibanda chao kwa sababu ya baridi. Akaenda kibandani akachukua moja, akarudi mpaka kwenye mstari, akamwita kwa upole.

“Mama, hongera. Mpelekee marehemu wako.”

Akammwagia yote. Usoni, shingoni, ndani ya koti, kwenye plasta.

Rudy alimwahi mkanda. Verna hakuruka. Alibaki pale mkojo unatoa mvuke kwenye baridi, anahema kwa pua, na kamera inamulika taa yake nyekundu kifuani mwa yule mtoto wa watu. Kisha akageuka akaenda kukaa garini. Alipofika nyumbani alisema amemwagikiwa na kahawa, akafua koti mwenyewe, akaoga mpaka maji ya moto yakaisha.

Aliyeharibu ni Rudy. Asubuhi iliyofuata, kabla ya zamu, alikwenda kwa shemeji yake kunyolewa. Emil alikuwa bado anafungua duka siku anazojisikia. Sasa Rudy akikaa kwenye kile kiti, kitambaa shingoni, ulimi unamlegea. Alitaka kumsifia dada yake tu. Akasema, shemeji, mkeo ni chuma, mtu anamwagiwa mkojo mwili mzima na hatikisiki. Alipoona mkasi umesimama ndipo alipojua amebwabwaja.

Emil akamwomba aeleze yote tangu mwanzo. Rudy akaeleza, angefanyaje, mkasi uko sikioni. Akaeleza habari ya jeneza, ya marehemu, ya gari jeupe lililomvunja mkono mkewe. Emil aliendelea kunyoa, akamaliza upande wa pili akausawazisha na wa kwanza, akampangusa shingo kwa brashi. Halafu akavaa koti akasema anataka kwenda kuwaona watu getini, siku nyingi hajawasalimia. Rudy akaona ni jambo jema, akamchukua kwenye gari. Ndivyo alivyo Rudy.

Walipofika, Verna alikuwa kwenye zamu, na mtu mwingine amemshika mkanda. Rudy akapokea mkanda. Verna alishangaa kumwona Emil, akamuuliza anatafuta nini kwenye baridi ile na damu yake ilivyo. Emil akasema amekuja kusalimia tu. Akazunguka pipa akampa kila mtu mkono, akauliza habari za watoto kwa majina, kisha akatembea polepole kuelekea kwenye mstari wa njano kama mtu anayevuka kwenda dukani. Hakuna aliyemzuia. Nani angempangia Emil Sabol mshikaji?

Akauvuka mstari. Akasimama mbele ya Corbin, anamfika kifuani.

“Wewe ndiye Corbin?”

“Ndiye. Na wewe ndiye maiti?”

“Ndiye mimi,” Emil akasema, akampiga.

Hakuwahi kumpiga mtu maishani mwake, na ilionekana. Alikunja ngumi dole gumba likiwa ndani, kama mtoto, na likavunjika hapo hapo. Lakini aliitia nguvu yake yote ya miaka hamsini na tisa ya upole, na Corbin hakuitegemea. Ile ngumi ilimpata mdomoni. Meno yale mazuri yakapasua mdomo wa chini, damu ikaruka kwenye theluji, na Corbin akaanguka chali kichwa kikagonga lami.

Halafu walinzi watatu walimfikia Emil na marungu.

Verna alitoka kama mnyama. Alimburuta Rudy na uzito wake wote, watu wengine wawili wakamrukia, akamvunja mmoja wao pua kwa kiwiko, akaendelea kusogea, plasta inapasuka, anawatukana kwa Kislovaki cha mama yake. Kutoka katikati ya marungu ikaja sauti ya Emil, nyembamba lakini kila mtu aliisikia.

“Verna, kaa hapo! Mimi si mfanyakazi wao! Mimi hawawezi kunifukuza!”

Ndipo wote walipoelewa alichokuwa amefanya. Alikuwa amepiga hesabu yake pale dukani huku anamnyoa Rudy: katika mji mzima, yeye peke yake ndiye ngumi yake haina bima ya kupoteza.

Verna akasimama. Akawaambia wale wanaume wamwachie.

“Hatukuachii, dada,” Rudy akasema, analia.

“Niachie. Siendi.”

Wakamwachia, na kweli hakwenda. Alitembea mpaka vidole vya viatu vyake vikagusa rangi ya njano, akasimama, mikono chini. Akatazama. Walimpiga Emil mgongoni, walimpiga mbavuni na zikasikika, walimpiga tumboni alipojikunja na kwenye masikio alipojifunika tumbo. Hakupiga kelele tena. Mara moja alifumbua jicho akamtafuta mkewe, akamwona amesimama pale pale, akalifumba. Walipochoka wakamburuta kwa miguu mpaka kwenye mstari wakamwachia mbele yake kama gunia, na ndipo Verna alipopiga magoti upande wake halali wa barabara akamvuta kwake.

Hospitali walimtoa bandama, ilikuwa imepasuka. Walimfunga mbavu na dole gumba. Bima ililipa kila kitu, na kwa siku chache Verna aliketi kando ya kitanda akifikiri wameshinda. Hata polisi walikuwa waungwana, wakamwandikia Emil faini wakaondoka wanatabasamu. Mjini watu walikuwa wanasimulia ile ngumi kwenye kila baa, na kila aliyesimulia aliongeza jino.

Kisha kampuni ikasema Verna ndiye aliyemtuma. Ikamfukuza. Ikaiambia ofisi ya posho kwamba mwanamke anayejulikana kwa ngumi amemtumia mume wake mgonjwa kupiga mlinzi, na hiyo ni fujo ya mfanyakazi kama fujo nyingine yoyote. Bima ikasimamishwa mpaka shauri lisikilizwe. Vidonge vya Emil vilikuwa vinaelekea ukingoni, na duka la dawa likasema haliwezi kutoa chupa nyingine. Emil hakuliwazia hilo alipokuwa anapiga hesabu yake. Kwetu ngumi ya mtu ni ya mwenyewe, mume ajibu ya mume na mke ya mke. Angejuaje kuna watu wanaoweza kuitoa ngumi kwa mtu mmoja na kumvisha mwingine?

Wakili wa chama alimpigia Verna akamwelekeza. Njia ni moja, alisema. Usiseme tu kwamba hukumtuma. Ukionyesha hata chembe ya fahari juu ya ile ngumi, watasema ni yako. Lazima uikatae.

Mashauri yale husikilizwa kwa simu. Siku ilipofika Verna aliweka simu katikati ya meza ya jikoni, spika imefunguliwa kwa sababu ya mkono wa plasta, akamwambia Emil akalale chumbani. Emil akakataa. Akasema ni ngumi yake, anataka kusikia. Akakaa mkabala, dole gumba limefungwa banzi, uso bado wa njano na zambarau.

Afisa alikuwa mama mwenye sauti ya uchovu. Corbin akaeleza yake kwa mdomo ulioshonwa. Kisha wakili wa kampuni akamuuliza Verna kama mumewe amewahi kumpiga mtu yeyote kabla. Verna akasema hapana. Akamuuliza kama yeye mwenyewe amewahi. Wakili mwenyewe akayataja mambo ya zamani, la sanduku la bati na mengine, moja moja, bila haraka.

“Kwa hiyo mumeo hakuwa na ngumi,” wakili akasema. “Alikopa yako.”

“Sikumtuma. Sikujua anakuja.”

“Lakini ulifurahi.”

Afisa akaingilia, akasema kwa utaratibu kwamba anahitaji kuelewa msimamo wa Verna. Alionaje kitendo cha mumewe?

Emil alikuwa anamtazama. Tangu atoke hospitali alikuwa mtu mwingine. Mwili umeisha, lakini alikuwa anakaa wima, na watu wakija kumwona alikuwa anawaonyesha lile dole gumba. Hakuwahi kuwa na kitu cha kuonyesha. Kwa mara ya kwanza katika ndoa yao alikuwa amemlinda mkewe, na alikuwa anangoja kumsikia akilisema.

“Bi Sabol?” afisa akasema.

“Kilikuwa kitendo cha aibu,” Verna akasema.

Macho ya Emil hayakuondoka usoni mwake.

“Alinitia aibu mbele ya wenzangu,” Verna akaendelea. Sauti yake ilikuwa ya mtu anayesoma kitu cha mtu mwingine. “Yule kijana alikuwa kazini kwake. Mume wangu ni mgonjwa, dawa zimemchafua akili, hajui alifanyalo. Angekuwa mzima ningemwacha. Mimi nilisimama kwenye mstari. Nimesimama kwenye mstari mwaka mzima. Mnayo kwenye kamera zenu, nilisimama nikaangalia.”

“Ni kweli,” afisa akasema, na kwa sauti yake ilijulikana kwamba ameshaiona ile picha. “Asante, Bi Sabol.”

Verna akakata simu. Jikoni palinuka plasta na kahawa iliyopoa. Emil alikuwa anatazama meza.

“Lakini nilimpiga vizuri,” akasema.

“Ulimpiga vizuri sana, Emil.”

“Basi ungesema.”

“Ningesema, ungekufa.”

Emil akafikiri. Kisha akauweka ule mkono wenye banzi chini ya meza, mahali ambapo hauonekani.

Waliamua upande wa Verna. Kufukuzwa kukafutwa, bima ikarudi mpaka kiangazi kama wengine, na Rudy akaleta bia ambayo hakuna aliyeinywa. Verna alikwenda duka la dawa mwenyewe. Alirudi na chupa, akamimina maziwa, akaweka vidonge mezani mbele ya mumewe.

Emil akavitazama. Akasema hana njaa. Verna akamwambia havihitaji njaa. Emil akavisukuma kwa kidole mpaka upande wa pili wa meza, taratibu, bila hasira, akasema yeye ni mtu aliyechafuka akili, hajui alifanyalo.

Verna akazunguka meza. Katika ndoa yao yote hakuwahi kumgusa kwa ubaya, na mwaka mzima huo hakumgusa mtu aliyestahili. Akamshika Emil taya kwa mkono wake mzima, ule wa winchi, akambana pale taya zinapokutana hadi mdomo ukafunguka wenyewe. Emil alipigana. Alimpiga kifuani kwa banzi, akampiga tena, maziwa yakamwagika, kiti kikaanguka wakaanguka nacho, na Verna akamkalia juu ya mbavu zilizokuwa bado hazijaunga, akavitia vidonge kooni kwa kidole, akamfunga mdomo kwa kiganja. Alikuwa analia kwa sauti kubwa. Aliendelea kumbana hadi aliposikia koo limepanda na kushuka.

Kesho yake Emil alivimeza mwenyewe, kwa maji, akiwa amempa mgongo.